Nyabenda na Vidude Vinavyolala Kazini

Nyabenda alishuka Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 2015 akiwa na mkewe Arakaza, sufuria moja, na kinyongo kikubwa na walinzi wanaolala. Kwao Burundi mlinzi wa mtaa alisinzia, na waliokuja kuchoma nyumba hawakuona sababu ya kumwamsha.

Kwenye kambi ya wakimbizi akapewa kazi ya kutunza vihisi, vidude vilivyofungwa kwenye matangi ya maji. Vinapima kina na kupeleka habari ofisini bila waya, ili pampu iwashwe kabla tangi halijakauka. Shirika lilimpa kofia, filimbi isiyo na kazi yoyote, na onyo: betri zikiisha, nyingine zinatoka ng'ambo, na ng'ambo hawana haraka.

Akakuta kimoja kimezima taa. Akabonyeza kitufe, kikawaka. Aliporudi, kimezima tena.

"Wewe nawe, unapewa betri nzima uje kulala?"

Tangu hapo akawa anazunguka kutwa, anaviamsha, anavikaripia. Watu wakamwita Jogoo. Naye alifurahi, maskini.

Betri zikaanza kufa. Tangi la mtaa wao likakauka ofisi haina habari, na Arakaza, mimba yake ikiwa kubwa, akawa anapanga foleni mtaa wa jirani huku akitazamwa kama mwizi wa ndoo.

Akaletwa fundi Leodgar, kijana wa Moshi.

"Shikamoo, mzee. Nani anaviamsha hivi?"

"Marahaba. Ni mimi. Nilivikuta vimelala kazini."

Leodgar alicheka mpaka akashika ngazi. Nyabenda akavua kofia kabisa, amkabidhi.

"Vaa, mzee. Mimi ndiye niliyevilaza. Kinachomaliza betri ni kuongea hewani, na kila ukikibonyeza kinaongea. Kinaamka, kinapima, kinasema neno moja, kinalala. Na kilicho mbali hakipigi kelele mpaka ofisini. Kinamnong'oneza jirani, jirani anapasia mwenzake."

"Kama umbeya wa hapa kambini."

"Umbeya kabisa, ila huu hautiwi chumvi."

Nyabenda hakucheka. "Kikilala, nani analinda?"

"Ndani kuna saa ndogo, inakesha. Haili kitu. Muda ukifika inakiamsha."

Kisha Leodgar akachomoa betri za kifaa chake mwenyewe cha majaribio, akazitia kwenye kihisi cha mtaa wa Arakaza. Wakubwa walipouliza betri zilikufa na nini, akajibu: bidii.

Maji yakarudi. Arakaza akajaza ndoo hatua chache kutoka mlangoni. Nyabenda akapanda ngazi, mikono nyuma, akakitazama kile kidude kilichozima taa.

"Urakoze," akakishukuru, kwa sauti ya chini sana, asije akakiamsha.