Nywele Zilizonichelewesha Nasari

Harufu ya spiriti kwenye vibanda vya vinyozi hapa Malaba hunirudisha Busibwabo, kwa Kukhu, nyanya yangu, aliyenilea mama alipokuwa kwenye biashara upande wa Uganda. Nimelala miji mingi, na shule yenyewe niliiacha mapema, lakini harufu hiyo hunifuata popote.

Siku hizo, ndugu zangu, mtoto hakuulizwa cheti cha kuzaliwa. Mwalimu wa nasari alikuambia upitishe mkono juu ya utosi, ushike sikio la upande wa pili. Ukilishika, umekomaa, ingia darasani. Ukilikosa, rudi nyumbani ukanyonye. Mimi niliitamani shule kwa sababu nilisikia watoto wakiimba kule na sikujua wanaimba nini. Kila asubuhi nilijaribu mkono wangu, shingo upande kama kuku mgonjwa.

Siku yenyewe vidole vyangu viliishia juu kidogo ya sikio. Watoto wakacheka. Mwalimu akapapasa kichwa changu, kilichokuwa msitu mtupu, akamwambia Kukhu, "Mama, huyu mnyoe kwanza, halafu umlete tena."

"Na hili jua? Kichwa kitaungua," Kukhu akajibu. "Wacha mvua inyeshe, mwalimu."

Mvua ikanyesha, akasema nitashikwa na homa. Ikaisha, wembe ukawa butu. Wembe mpya ukapatikana, macho yake yakaanza kuuma. Mwaka mzima nilishinda naye shambani, nikimuuliza kwa nini siafu hufuatana, na maji ya mto Sio huenda wapi, naye akijibu yote huku akipalilia mihogo. Ningepewa mwaka mmoja wa kuishi tena, ningechukua ule.

Mama aliporudi Krismasi alininyoa mwenyewe, akanipaka spiriti kichwani, hakumuuliza mtu. Januari nikalishika sikio, nikalivuta hadi likauma, nikaingia darasani bila kugeuka nyuma.

Mchana nilimkuta Kukhu jikoni. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili vya chai ya saa nne, vyote vimejaa, vyote vimefanya utando.

"Kunywa, imepoa," akasema.

Nikanywa changu, nikanywa na chake, nikimwimbia wimbo wa darasani. Moyoni nilimhurumia: maskini, uzee umemsahaulisha kwamba sasa ninashinda shule. Ilinichukua miaka mingi, na nyumba ile imeshafungwa, kuelewa kwamba hakuwa amesahau.