Mkalimani na Barua ya Daktari wa Mifugo

Kwa miaka ishirini na miwili, mkalimani yule wa mahakama alikuwa akiwaazima watu kinywa chake. Mtu akitukana kwa Kiingereza, naye hutukana kwa Kiswahili, uso mkavu kama ukuta. Mumewe alikuwa akimtania kwamba ni nyumbani tu anakosema ya kwake, na huko hamalizi!

Siku moja ililetwa kesi ya kaka na dada waliomshtaki jirani yao, daktari wa mifugo mstaafu, mgeni asiyejua Kiswahili. Walikuwa wamemwomba wabadilishane vipande vya shamba, akawajibu kwa barua ya Kiingereza. Wakili wao akasimama na tafsiri ya barua hiyo mkononi.

"Sikilizeni alichoandika: 'Lazima kwanza nilitafune shamba lenu.'"

Ukumbi ukaguna. "Anatutafuna mchana kweupe!" dada akafoka.

Barua na tafsiri zikapitishwa kwa mkalimani ili amsomee yule daktari mzee. Mama wa watu akaona mhuri uliokuwa chini ya tafsiri. Mhuri wake! Aliifasiri barua ile miezi mitatu nyuma, wima kwenye kaunta, watu wakimharakisha, na neno moja, 'ruminate', akalikisia 'kutafuna' akaliruka kama dimbwi; sasa, akilisoma bila haraka, akaona kosa. Wakili hakuwa ameutazama mhuri. Angeweza kufunika kombe, na hakuna ambaye angejua.

Akasimama. "Mheshimiwa, tafsiri hii ni yangu. Nimekosea."

Hakimu akavua miwani. "Endelea."

"Mzee hakusema atalitafuna shamba. Ameandika 'ruminate', yaani atacheua. Mimi nimekulia zizini, naomba nieleze. Ng'ombe hula haraka, humeza bila kusaga. Akishiba hulala chini, akayarudisha majani kinywani, akayatafuna upya, taratibu, macho yamelegea. Ukimtazama utadhani anawaza. Ndiyo maana Waingereza, na Warumi wa kale kabla yao, wakaliita kucheua lile jambo la mtu kulirudia shauri moyoni mara mbili tatu kabla ya kujibu."

"Kwa hiyo alitaka kula shamba au kufikiri?"

"Kufikiri, Mheshimiwa."

Kisha akamgeukia mzee, akamweleza yote kwa Kiingereza. Mzee akacheka mpaka akakohoa, na mkalimani akayatafsiri majibu yake neno kwa neno: "Miaka arobaini nimeishi na ng'ombe. Nisipocheua mimi, acheue nani?"

Kaka mtu akaangua kicheko. Dada akajikaza, ikamshinda.

Pande zote mbili zikaomba kesi isimame kidogo. Kwenye benchi la nje ya ukumbi walikaa kaka, dada na mzee, mkalimani katikati yao, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamekubaliana mpaka upite wapi. Kesi ikafutwa. Karipio la hakimu, hata hivyo, liliingia kwenye faili la mkalimani. Alilisoma mpaka nukta ya mwisho, akatia sahihi.

"Shangazi, umejianika mbele za watu," dada yule alimwambia mlangoni.

"Nimejianika, mwanangu. Lakini nisingesema, wewe ungepoteza jirani, na mimi ningekuwa nimekaa kimya nakutazama."

Wiki iliyofuata wakili yule alimfuata ofisini na wosia wa marehemu baba yake, ulioandikwa kwa Kiingereza cha kizamani.

"Wafasiri wamejaa mji huu," mkalimani akamwambia.

"Wamejaa, mama. Ila wewe ukikosea, utaniambia."