Mpaka Mkia Upite

Stesheni ya zamani ya Kilosa naijua kama ninavyolijua jiko la mama. Ukiingia kutoka upande wa mjini unakutana na dirisha la tiketi, dogo kama mlango wa banda la kuku, kisha benchi refu la mbao lililolainishwa na makalio ya vizazi kadhaa. Mbele yake kinaning'inia kipande cha reli, ndiyo kengele yetu. Kikigongwa, mji mzima ulijua treni imetoka Kidete, inashuka kando ya mto Mkondoa. Ukiipita stesheni njia zinaachana: moja inapanda kuelekea Dodoma, nyingine inapinda kwenda Mikumi na huko kwenye mashamba ya miwa. Utotoni niliamini kwamba hiyo inayopinda mwisho wake ni mlima wa sukari, na sijui ni lini hasa niliacha kuamini.

Jengo ni la enzi za Wajerumani. Babu yake mama aliletwa kutoka Tabora kuponda kokoto, akasahau kurudi. Mama na dada yake walizaliwa katika kota za reli nyuma ya stesheni, wakalelewa na kelele za mabehewa kama watoto wengine wanavyobembelezwa. Mpaka leo mama hulala vizuri zaidi siku ambayo treni ya mizigo imepita.

Watu wa kota walikuwa na mwiko wao. Ukimsindikiza mtu, hugeuki mpaka behewa la mwisho, waliloliita mkia, lipite semafo, ule mlingoti wa ishara mwisho wa stesheni. Ukimpa msafiri mgongo kabla ya hapo, harudi. Watu wa Magomeni, mtaa wa hapa hapa Kilosa, walitucheka, eti tunasindikiza kama tunazika. Wacheke tu, wasafiri wetu walirudi.

Mwaka huu mama mkubwa, yaani huyo dada yake mama, alikuja kutoka Dodoma kututembelea. Alikuwa amekonda, miguu imevimba, chakula anakizungusha tu sahanini. Alikuwa amekuja kutuaga, na hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo. Mama alishika lake moja: "Nikimsindikiza vizuri, atarudi mavuno yakifika." Alilisema akichambua mchele, akalisema tena akifagia, hadi nami nikaanza kuliamini.

Siku ya safari mama alimwamuru kijana wa bajaji atupitishe kwanza stesheni ya zamani. Nilinung'unika, maana treni ya siku hizi haimsubiri mtu, lakini nani ananisikiliza? Wakaketi yeye na dada yake kwenye benchi, mikoba mapajani, kama abiria. Hapakuwa na treni siku hiyo. Majani yalikuwa yameota kati ya reli, vipepeo wanatua na kuruka, na jua la asubuhi limelala sakafuni pale wanapopenda kulala mbuzi. Sikujua tena ni mwaka gani. Niliwaona wamevaa magauni ya shule, wananing'iniza miguu isiyofika chini.

"Unasikia?" mama mkubwa aliuliza.

"Nasikia," mama akajibu.

Mimi sikusikia kitu.

Stesheni mpya iko nje ya mji, kubwa, safi, vioo kila mahali. Ukutani unajiona mwenyewe unavyozeeka. Mlangoni askari, binti mdogo, aliinama kidogo.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba."

"Mwenye tiketi apite. Wasindikizaji wanaishia hapa."

Mama alimtazama kana kwamba amezungumza Kijerumani. Nikaanza kufoka, kwamba mtu anamsindikizaje mwenzake mlangoni, huo ni usindikizaji au ni kufukuzana? Binti hakukasirika. Alimshika mama mkubwa mkono, akambebea mfuko, wakapotea nyuma ya vioo. Mama mkubwa hakupata hata nafasi ya kupunga.

Tukakimbilia uzioni, kama kukimbia kwa mama kunaitwa kukimbia. Treni ikaja bila kengele, ikasimama kidogo, ikaondoka kimya, mbele imechongoka, nyuma imechongoka vilevile. Mama akaganda, ameshika waya.

"Mkia wake uko wapi?"

"Haina mkia, mama. Huku ni kichwa na kule ni kichwa."

"Sasa nitajuaje kama imepita?"

Treni ilikwishayeyuka vilimani, na mama hakugeuka. Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Mwishowe nikaenda kuazima kigoda kwa muuza soda. Mama akakaa, uso bado kwenye reli, khanga kichwani. Jua likapanda. Upepo ulikuwa unatembea juu ya mashamba ya mahindi kama mtu anayepapasa kitanda gizani, nami nikasinzia nimesimama.

Simu ndiyo iliyonishtua. Nikampa mama, nimeweka sauti kubwa, kwa sababu masikio ya mama hayamsaidii.

"Nimefika Dodoma," mama mkubwa alisema. "Uko wapi wewe?"

"Hapa uzioni."

"Umegeuka?"

"Bado, dada. Mkia sikuuona. Hili dude lina vichwa viwili."

Mama mkubwa alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Nyuma yake madereva wa teksi walikuwa wanagombania abiria.

"Geuka basi. Nenda ukapike."

"Nikigeuka hutarudi."

Kelele za madereva zikafifia, kana kwamba amesogea pembeni.

"Geuka, mdogo wangu," alisema taratibu. "Nimechoka kurudi."

Mama alikaa na simu mapajani. Nikatazama pembeni.

"Haya, dada," akasema. "Safari njema."

Akainuka, akanikabidhi kigoda cha watu, akageuka.