Sabuni ya Unga kwenye Tangi la Waipa

Nakumbuka Jumamosi moja ya matope, mwanangu, nikiwa na digrii mbili na gari moja kuukuu, niliposimama kando ya barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, kwa sababu sikuona mbele. Lori lilikuwa limenimwagia tope kioo kizima. Nilipobonyeza maji ya kuoshea kioo, pampu ilinguruma vizuri kabisa, lakini halikutoka hata tone. Waipa zikalipaka lile tope kama mtu anayekandika ukuta.

Hitilafu hiyo ilikuwa na miezi mitatu. Mjomba Wekesa, aliyenilea na kunisomesha, alikuwa fundi wa magari aliyestaafu, akiishi peke yake katika chumba cha kupanga Riruta, si mbali na kwangu Uthiru. Kila Jumapili alinipigia simu.

"Gari iko aje?"

"Iko sawa, Mjomba."

"Haina shida hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya basi. Mungu ni mwema."

Nami niliamini kwamba alikuwa akiuliza habari za gari. Mimi nilikuwa msomi bwana. Nilikuwa nimetazama video, nikabadilisha fyuzi ambayo haikuwa imeungua, kisha nikanunua pampu mpya. Kumwendea mzee kwa jambo dogo vile kungenivunjia heshima, ambayo sijui nilikuwa nimeitoa wapi.

Siku hiyo nilifuta kioo kwa fulana yangu nikajikokota hadi Riruta. Nilimkuta mlangoni amevaa ovaroli safi, iliyopigwa pasi. Alikuwa ameacha kazi miaka sita kabla ya hapo.

Alichomoa mpira unaopeleka maji kwenye matundu ya boneti, akaniambia nibonyeze. Maji yakamruka usoni.

"Pampu iko sawa. Ni matundu yameziba. Uliweka nini huku ndani?"

"Sabuni ya unga."

"Ya kufua nguo?"

"Hiyo hiyo."

Akatazama juu kidogo. "Na wakakupa digrii mbili."

Sabuni ilikuwa imeganda chini ya tangi kama uji uliopoa. Aliisuuza kwa maji moto, akazibua matundu kwa sindano ya kushonea. Kazi ya nusu saa. Kisha akapima oili, akakaza betri ambayo haikuwa imelegea, akafuta taa zote. Kazi ilipomwishia kabisa, alibaki na ile sindano mkononi.

"Iliharibika lini?"

"Ina miezi mitatu."

"Miezi mitatu," akasema polepole, "na mimi niko hapa na sindano."

Aliingia ndani kuweka chai.

Mjomba hayuko tena. Siku hizi mimi ndiye ninayepiga simu Jumapili. Wewe una kazi Upper Hill na gari lako zuri, na kila ninapouliza, kila kitu kiko sawa. Ile sindano nimeichomeka kwenye pazia la sebuleni, mahali ninapoiona.

Basi nasaha yangu ni hii: tangini weka maji safi, usiweke sabuni ya unga. Na mtu wako akikuuliza kama una shida, mpe moja, hata iwe ndogo namna gani. Kama huna kabisa, lete gari hivyo hivyo, nitalifungua boneti nitazame.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akusafishie njia ya mbele yako, na siku moja ya Jumapili aipitishe njia hiyo kwangu Uthiru.