Kumnusia Baba Divai

Baba alitengeneza divai Dodoma maisha yake yote. Mama alipofariki nilimchukua Baba, tukawa tunaishi wote kwenye fleti yangu Kariakoo. Wakati huo alikuwa ametoka kuugua mafua makali yaliyomwachia pua isiyonusa kitu. Chai, sabuni, samaki wa kukaanga, kwake vyote vilikuwa sawa na maji. Hakulalamika, ila alizidi kuwa mkimya.

Msimu wa zabibu ulipofika, rafiki yake mkulima alimtumia kreti mbili kwa basi. Zilikuwa Chardonnay, zabibu nyeupe ambazo kule hazilimwi na wengi.

"Kazini tulikuwa tunakamua juisi na kutupa maganda palepale," aliniambia. "Siku zote nilitaka kujua ingekuwaje kama tungeyaacha yachachuke pamoja na juisi. Bosi hakutaka hata kusikia."

"Hapa bosi ni wewe, Baba."

Tulinunua mtungi wa udongo sokoni. Tukakaa sakafuni jikoni, tukaziponda zabibu kwa mikono, tukatia kila kitu mtungini, maganda na mbegu, bila hamira ya dukani. Alisema iliyoko kwenye maganda inatosha. Alichoogopa ni joto la Dar, maana divai ikichachuka kwenye joto kali inaharibika upesi. Tukauvisha mtungi magunia yaliyolowa, tukauelekezea feni ya chumbani kwangu. Mimi nikawa nalala na jasho langu.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini aliniita. "Njoo uninusie."

"Inanukia vizuri."

"Vizuri kama nini, mama?" Mimi ni binti yake, lakini huniita hivyo, mama.

Nikajifunza kusema. Leo ndizi mbivu, kesho mkate unaoumuka. Asubuhi moja nilisita, kisha nikamwambia nasikia kama siki kwa mbali. Akanyanyuka haraka, akayazamisha maganda yaliyoelea, akabadilisha kitambaa cha mdomo wa mtungi. Kesho yake aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Nikanusa mara mbili. Siki haikuwa imeongezeka.

Tuliichuja Jumapili moja, tumetoka kanisani. Ilikuwa na ukungu, rangi yake ya chai ya rangi. Nilionja kwanza, ulimi ukashikwa na ukakasi, nikamhurumia. Yeye akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni muda mrefu.

"Inakwaruza," alisema taratibu. "Ulimi wangu unaisikia. Ni haya maganda."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Nikamweleza yale asiyoweza kuyapata: embe kavu, asali, na ile siki kidogo. Alinisikiliza amefumba macho, akasogeza glasi nimwongezee. Halafu akaanza kunisimulia msimu aliomwona Mama kwa mara ya kwanza, akichuma zabibu amejifunga kanga kichwani, na jinsi alivyokosa la kumwambia akamuuliza kama kisu chake kina makali. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Niliacha vyombo kwenye sinki, nikakaa kumsikiliza.