Mgeni Kitandani kwa Hester

Josiah Penfold, daktari wa kijiji chetu huko Sussex, Uingereza, alichimbua mfupa wa paja wa mjusi mkubwa wa kale ambaye bado hakuwa na jina. Mfupa ulikuwa umelowa maji, na ungeganda kwa baridi ungepasuka. Jioni ile ya barafu akaufunika kwa blanketi zito la kitanda chake na mkewe, naye akabaki akikohoa kwa baridi.

"Bwana Daktari, huyo alishakufa," mkewe Hester alimwambia. "Wewe bado."

"Ukipasuka, hatutamjua tena."

"Basi mlete kitandani, mgeni wako. Tulale sote."

Wakaulaza katikati yao.

Asubuhi mfupa ulikuwa mzima, na kikohozi kimetulia. Vitabuni mnyama yule ana jina la Penfold. Sisi huku tunamwita mgeni wa Hester.