Bihogo Alipompa Papa Mgongo

Utotoni mwangu, katika milima ya Masisi, kulikucha kwa sauti ya Papa, baba yangu. Kabla ukungu haujainuka malishoni, alisimama mlangoni pa zizi akawaita ng'ombe kwa majina, akivuta kila jina polepole, nao wakamjibu mmoja mmoja kutoka mteremkoni. Bihogo, yule mwekundu mwenye majivuno ya mke wa chifu, ndiye aliyetangulia kufika. Mimi nilikuwa bado chini ya blanketi, pua imejaa harufu ya moshi na maziwa mabichi, nikiwafuata kwa sikio.

Msimu mmoja wa mvua sauti ile ilianza kukwaruza. Hakuna aliyeshtuka, kwa maana kwetu baridi humkaba kila mtu koo. Mama alimpa asali, kisha tangawizi, kisha maziwa ya moto yenye siagi, mpaka Papa akaanza kunenepa. Koo halikumuuma, homa hakuwa nayo, chakula alikula. Kwa akili yetu, basi, hakuwa mgonjwa. Mahindi yaliyokuwa yakichipua alipoanza kukwaruza yalifika magotini, na sauti haikurudi. Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja na lori lake kuchukua jibini, alimwambia waziwazi, "Papa, hii haiko baridi. Baridi inakuyaka, inaendaka. Goma kuko munganga wa koo na masikio. Nitakubeba."

"Iko ukungu tu," Papa alijibu, kwa sauti iliyobaki kama upepo kwenye ufa wa mlango. Jikoni Mama alinong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliogopa sana, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kutaja kifo.

Jioni moja, mvua ilipokatika, Papa alikwenda zizini kuita. Ng'ombe waliinua vichwa, wakamtazama, wakaendelea kula majani. Akaita tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Bihogo akampa mgongo. Papa alikasirika, akasema wamekuwa wakaidi.

"Haziko nakukatala, Papa ya batoto," Mama alisema taratibu, ndoo ya kukamulia mkononi. "Sauti yako njo hazijue tena."

Papa angeweza kubishana na jirani, na mkewe, hata na padri, lakini si na ng'ombe. Lori la Papa Kambale lilipoondoka, Papa alikuwa ndani yake.

Daktari alimwingizia kooni mrija mwembamba wenye kamera, akaona kinyama kwenye nyuzi za sauti, akakikata. Kilikuwa kimeanza kugeuka saratani, akasema. Angengoja mavuno, ingekuwa habari nyingine. Akamwonya kwamba sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu mtu asingoje maumivu, kwa kuwa kibaya kingali kidogo mara nyingi hakiumi. Papa alirudi na sauti nzito tusiyoijua. Ng'ombe walichukua muda kuizoea, na sisi pia. Asubuhi Bihogo alipoiitikia kwa mara ya kwanza, nililia kwa furaha chini ya blanketi.

Leo mimi ni mwalimu Goma, na hapa kunakucha kwa honi za pikipiki. Papa amezeeka, bado yuko mlimani na wajukuu wa Bihogo. Majuzi simu yangu iliharibika, nikaazima ya mwalimu mwenzangu nimsalimie. Tangu muhula uanze nilikuwa nikikwaruza. Ni vumbi la chaki, nilijiambia, na kelele za darasa, na kila jioni nilikunywa tangawizi yangu.

"Jambo, Papa."

"Ni nani?"

"Ni miye, Papa."

Nilisikia ng'ombe akilia nyuma yake, na yeye akivuta pumzi.

"Mutoto wangu," alisema, "sikukujua."

Kulipokucha niliwaachia wenzangu darasa, nikaenda kwa daktari wa koo.